Saa Juu ya Leso

...na kisigino ndicho kinachotaka subira, vidole vinakubali haraka, kisigino kina ngozi ngumu iliyopasuka, ukikisugua kwa pupa kinatoa damu na kidonda cha mzee huyu hakiponi upesi, daktari alishasema, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, taratibu, basi na asugue taratibu, awaache watu wapige kelele zao nyuma ya mgongo wake, sebule imejaa leo, viti vimekwisha, fundi cherehani kakalia mkono wa kochi na tepu ya kupimia bado iko shingoni, mama mwenye duka kafunga duka mchana kweupe, kinyozi kaja na mteja wake mwenye kichwa kilichonyolewa nusu, eti watamalizia tamthilia ikiisha, na wote hawa wameshaiona jana, ng'ambo ya barabara umeme ulikuwepo, ni laini ya nyumba hizi tu iliyokatika, lakini wamekuja kuangalia marudio hapa hapa nyumbani kwao staa, maana kumwangalia staa ukiwa umekaa na baba yake mzazi na dada yake wa tumbo moja ni jambo jingine, ndivyo alivyosema fundi cherehani akivua viatu mlangoni, mcheza kwao hutuzwa, Dada, na sisi ndio tumekuja kumtuza. Mtuzeni. Yeye kachuchumaa mbele ya kiti cha baba, beseni katikati ya magoti, mguu wa baba mikononi, mzito, upande huu wa kulia ndio ulioshikwa na kiharusi, haumsaidii hata kidogo, anauinua kama anayeinua mguu wa mtu aliyelala. "Dada, geuka basi, inakuja sasa hivi." Naiona, anajibu, na haoni kitu ila ukucha wa kidole gumba, nao unataka kukatwa.

"Mimi bado sijamsamehe," mama mwenye duka anasema, "wametuharibia mtoto wa watu," na hapo tena wanaanza, tangu wameingia wanazunguka hapo hapo, miaka yote wamempenda kwa upole wake, yale macho, ile sauti ya kubembeleza, kacheza mchumba, kacheza daktari, kacheza mjane anayelea watoto na nusu ya mtaa ikalia naye, leo wamemvalisha soksi hadi magotini na kofia ngumu, wamempa unyapara wa shamba la pamba enzi za mkoloni, mchana anachapa vibarua, jioni anarudi kwa mkewe... "Hapo ndipo ujue huyo ni mwigizaji," kinyozi anasema, "yule mpole wa siku zote hata mimi ningemcheza," na fundi cherehani, "Wewe? Na kitambi hicho?" wanacheka, baba naye anacheka, mguu unatikisika ndani ya maji. Fundi cherehani ndiye msimamizi wa kundi la mashabiki kwenye simu, anawasomea yaliyoandikwa tangu jana, mmoja kaandika hakupata usingizi, mwingine kaandika mke wa nyapara naye ana mdomo, angenyamaza yasingemkuta, mwingine kaandika akipigwa na mwanamume mzuri namna ile atasema asante, na kicheko kingine, cha wanawake hasa, na yeye anakamua kitambaa, anakamua kwa mikono miwili, mama yake hakuweza kukamua nguo, kifundo cha mkono wa kushoto kilipona kombo, nguo zote za nyumba ile alizikamua yeye tangu akiwa hajaifikia hata kamba ya kuanikia, alisimama juu ya ndoo, watu waliuliza mama kapatwa na nini mkononi, mama akasema kaanguka kisimani, na nyumba yenyewe ilikuwa na maji ya bomba. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye ndiye kata, peke yake, mama amekwenda na lake kaburini, baba hasemi, na mdogo wake hajui, mdogo wake alikuwa mdogo mno, na hata angekuwa mkubwa asingejua maana yeye dada alimkinga, hilo ndilo jambo moja alilolifanya katika maisha yake ambalo hamwombi mtu msamaha kwa ajili yake, hakusoma, hakuolewa, sawa, lakini alimkinga, kila mlango wa chumba cha wazazi ulipofungwa kutokea ndani nao watoto wamo, wanalala humo humo, alimvuta chini ya kitanda, akamlaza ukutani, akajilaza yeye kati yake na chumba, mgongo ukutane na chochote kitakachokuja, akamziba masikio kwa viganja na kumnong'oneza hadithi za sungura, nyingine alizitunga pale pale zisizo na mwisho, akafumba macho yake mwenyewe kwa nguvu, na mtoto alitulia, hakulia, asubuhi aliamka anaomba uji. Ndiyo maana kawa mpole. Watu wanashangaa upole ule katoa wapi, yeye hashangai, aliulinda yeye, kwa mgongo wake, na wanapompigia makofi huyo kijana wanampigia na yeye nusu, ingawa hawajui.

"Nyamazeni, ndio hapa." Wananyamaza kweli, hata mteja wa kinyozi kaacha kujikuna, na katika kimya kile linasikika jambo dogo kutoka kwenye televisheni, krik, krik, krik, ufunguo wa saa unazungushwa, na mikono yake inasimama ndani ya maji kabla kichwa hakijauliza kwa nini. Anageuka. Mdogo wake yumo mle ndani ya televisheni, kofia kaitundika, mke kasimama pembeni na sahani, na mdogo wake ameshaijaza saa, anaivua mkononi pasipo haraka, kaipuliza kioo chake, katoa leso, kaikunja mara mbili, kaiweka mezani, kailaza saa juu yake, saa hailalii mbao, itachubuka, nani alisema hivyo, nani mwingine alisema hivyo duniani... kisha anainua macho, yale yale macho wanayoyapenda, na kwa sauti ile ile ya kubembeleza anasema, haya, sasa tuzungumze. Mama mwenye duka anavuta pumzi. "Hapo hakuandikiwa," fundi cherehani ananong'ona, "kasema redioni, mwongozaji alitaka apige kelele na kupindua meza, yeye mwenyewe akasema hapana, niachieni hii ya saa." Na dada anataka kugeuka arudi kwenye kisigino cha baba, anajiambia ni bahati tu, wanaume wengi walivaa saa, wengi walikuwa na leso, lakini kamera imeshuka, imekwenda chini, chini kabisa sakafuni, pigo halionyeshwi, linasikika, kinachoonekana ni mvungu wa kitanda, giza, na mwisho wa mvungu, kule miguuni, kabati la nguo lenye kioo kirefu kinachogusa sakafu, na ndani ya kioo viatu, na upindo wa gauni, na sahani inayozunguka sakafuni mpaka inatulia, na kioo kina ufa pembeni, upande wa chini, ufa wa matawi mawili.

Ufa wa matawi mawili. Kabati lile liliuzwa baada ya mazishi ya mama, yeye mwenyewe aliwafungulia mlango waliokuja kulibeba. Hakuna picha yake. Hakuna mtu angeweza kumwambia mwongozaji habari za ufa ule ila mtu aliyelala akiutazama, na yeye hakuwahi kuutazama kutoka pale, yeye alifumba macho, mjinga, alifumba macho yake akadhani na mtoto haoni, alizuia mbele akaacha miguuni wazi, mtoto alitulia siyo kwa sababu ya sungura, alitulia kwa sababu anaangalia, hadithi zote zile alizinong'oneza kwenye masikio ya mtu anayeangalia, na asubuhi akaomba uji, na miaka yote hii hajasema, kamwachia dada yake afurahi kwamba alimkinga. Mungu wangu. Kamlea yeye, au mtoto ndiye aliyekuwa akimlea... "Ona kamera hiyo, ona ufundi huo," kinyozi anasema, "mtu akikaa chini anaona zaidi." Na jana, jana usiku wa giza lile, simu ililia, ni mdogo wake, hakuuliza habari za nyumbani wala za kidonda, kauliza jambo moja, "Dada, Mzee ameangalia?" na yeye akadhani ni mtoto anataka sifa za baba yake, watoto wa kiume hawakui kwa hilo, akaona vibaya kumwambia umeme umekatika na wamekaa na mshumaa, akasema ameangalia, ameipenda sana. "Ameipenda?" Sana, mdogo wangu, kacheka mpaka basi. Kisha, "Haya, Dada, lala salama." Haya, Dada. Ile haya. Mtu kachukua kitu alichokibeba tangu utotoni, kakiweka mbele ya nchi nzima ili mtu mmoja kwenye kiti kimoja akione, kapiga simu kusikiliza kama kimemfikia, na yeye kamjibu kacheka mpaka basi.

"Hee, hebu oneni," fundi cherehani anasema, na kicheko kimeshamwanza, "oneni pale kwenye stuli." Wanaona. Yeye pia anaona, kwa macho yao. Stuli iko kando ya kiti cha baba, juu yake leso imekunjwa mara mbili, juu ya leso saa, kioo kikiangalia dari. Kaiweka yeye. Kaiweka mwenyewe alipoanza kumwosha mikono, kama anavyoiweka kila siku, baba hawezi kuivua kwa mkono ule uliolegea, kwa hiyo anaivua yeye, anaipuliza, anakunja leso, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo, mikono ilijua yenyewe. "Kumbe ni ya familia," fundi cherehani anasema, "Dada wa staa naye anaigiza," na baba anajiinua kidogo kwenye kiti, ulimi umelegea lakini maneno yanaeleweka, anasema, "Ya kwangu hiyo." Nini, Mzee? "Hiyo ya saa. Kaiga kwangu. Nilikuwa naivua hivyo hivyo." Basi sebule inalipuka, kinyozi anapiga paja, kumbe Mzee ndiye mwalimu wa staa, sisi tunasifu redio na mwenye kipaji tumekaa naye hapa, na baba anatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki, uso umemnawiri, tangu augue hajanawiri hivi. Mama mwenye duka anauliza, "Ulikuwa unaivua ukitaka kufanya nini, Mzee?" na baba anafikiri kidogo, siyo mtu anayetafuta uongo, ni mtu anayekumbuka kitu kizuri, anasema, "Kuzungumza na mama yao." Wanacheka. Wote, ila mama mwenye duka kacheka nusu, kicheko kimemfia mdomoni, anamtazama dada wa staa mgongoni, na mgongo haugeuki.

Maana alikuwa na mambo mawili, siyo mengi, mawili tu, ndiyo yaliyomwezesha kuchuchumaa hapa kila siku, kuosha mwili huu, kuugeuza, kuulisha kwa kijiko, la kwanza kwamba mtoto hakuona, la pili kwamba mzee anajuta, hasemi lakini anajuta, yale machozi yanayomtoka jioni, daktari kasema ni jicho lile lisilofumba vizuri, yeye alikataa, alisema moyoni ni majuto, na yakawa majuto, akamwosha kwa sababu ya hayo. Kumbe ni jicho. Kumbe uongo wake wa jana ulikuwa kweli, ulitangulia tu, ameipenda, ameipenda sana, kacheka mpaka basi... "Nivalishe saa," baba anasema, "niwaonyeshe. Nivalishe, halafu unishikie mkono." "Mvalishe, Dada, mvalishe," kinyozi anasema, kashatoa simu anataka kurekodi, na mkono wa kushoto wa baba umenyooka juu ya kichwa chake yeye aliyechuchumaa, unangoja, ule ule, mishipa imemtoka, ngozi imelegea, ni mkono wa mzee yeyote. Yeye hauogopi. Anashangaa kwamba hauogopi. Anachokiona ni kwamba angeweza kuinuka, angeweza kuwaambia sasa hivi, kwa maneno machache, kifundo cha mama, kisima kisichokuwepo, na wangemsikia, na kesho kundi la fundi cherehani lingeandika ndiyo maana anaigiza vizuri namna ile, wangempenda zaidi. La kuvunda halina ubani. Hapana, hawa siyo wa kuambiwa. Simu inalia dirishani. Inalia na kutetemeka juu ya saruji, jina haliko mbali, anaweza kulisoma kutoka hapa alipo, marudio yamefika kwenye tangazo na mtu mmoja mahali fulani amehesabu vizuri, anapiga tena, anauliza tena. "Staa huyo," fundi cherehani anasema, "staa anapiga, pokea, mpe Mzee amsalimie." "Saa yangu," baba anasema. Na safari hii anajua anaulizwa nini, na anajua hatamjibu habari za baba, baba kajibu mwenyewe na jibu hilo halifai kupelekwa kwa mtu mara mbili, atamwambia, mdogo wangu, nimekiona kioo cha kabati, na kama yule hatasema kitu basi watanyamaza pamoja, wawili, kitu ambacho hawajawahi kukifanya. Mikono imelowa. Mguu bado ni mzito, hauwezi kuachwa ghafla, utapiga ukingo wa beseni na kidonda kitafunguka. Anauinua taratibu, anaulaza juu ya taulo, anaanza kuukausha, kidole baada ya kidole, simu inalia, saa iko juu ya leso, mkono wa baba bado umenyooka, na maji yamepoa.