Ng'ombe Wanne wa Filamu

Hakuna mwanamke Malaba aliyeolewa mara nyingi kama Roselida Alupo, na waume wote walikuwa wa jukwaani. Jukwaa lenyewe lilikuwa lori bovu kando ya barabara, na watazamaji walikuwa madereva waliosubiri karatasi zao za forodha. Juu ya lori hilo Alupo aliwahi kuwa mke mlevi, mke mwizi, mke mwenye mapepo, na siku Loise, mwenzake aliyezoea kuigiza waume, alipougua malaria, akawa mume. Madereva walimtupia sarafu na ndizi.

Ndipo Ekisa, mpiga picha za harusi kutoka Tororo, alipokuja na kamera ya video begani. Alitaka kutengeneza filamu, na Alupo awe bibi harusi.

Filamu ilihitaji ng'ombe wa mahari. Ekisa hakuwa hata na kuku. Mzee Emukule, ambaye mwanawe Dancun ndiye aliyeigiza bwana harusi, alitoa ng'ombe wanne bila kubembelezwa.

"Chukueni tu," alisema. "Si ni mchezo?"

Baba wa bibi harusi aliigizwa na mzee Oriokot, baba mdogo wa Alupo wa damu kabisa, kwa sababu alikuwa na koti zuri. Wazee wa pande zote mbili nao walikuja, kwa ajili ya pombe. Mbele yao Oriokot aliwakagua ng'ombe, akalalamikia pembe ya mmoja, akawapokea. Wakainamia chungu kimoja cha pombe na mirija yao. Ekisa akasema imetosha. Wazee wakasema bado, chungu hakijaisha.

Kesho yake Ekisa alikwenda kuwachukua ng'ombe awarudishe. Akamkuta Oriokot anakamua.

"Mzee, hao ni wa filamu."

"Maziwa je, ni ya filamu?"

Akakimbilia kwa Emukule. Emukule akacheka mpaka akakohoa. "Boss, ng'ombe wametoka kwangu, wamepokewa, wazee wamekunywa. Sasa unirudishie nini? Mimi nangoja mke wa Dancun. Jumamosi akina mama wanamfuata."

Jumatatu Alupo alitakiwa Jinja. Watu wa filamu huko, wenye taa na gari, walikuwa wamempa nafasi kubwa kuliko zote, na walisema asipofika watamchukua mwingine. Alimbana Dancun, turniboi, yaani utingo, wa lori la saruji.

"Kwa nini hukumkatalia baba yako?"

"Dada, mimi niliambiwa nisimame pale nitabasamu."

"Basi endelea kutabasamu," Alupo akasema. "Wanataka mke? Nitawapa wake wote."

Jumamosi alikwenda kwa Emukule bila kuvutwa. Kabla chai haijachemka alikuwa mke mlevi, akiimba wimbo wa kanisani huku ameukumbatia mti. Baadaye akawa mke mwizi, akaficha sufuria tatu chini ya gauni na kutembea zikigongana. Jua lilipopanda, akapandisha mapepo na kumdai mzee Emukule ampe kofia yake, kwa sauti ya kiume. Emukule akaitoa kofia na kukaa mbali nayo.

Lakini mkewe, mama Jacinter, alikuwa amekaa chini, anafuta machozi ya kicheko. Majirani walikuwa wamejaa mpaka kwenye mihogo.

"Rudia ile ya sufuria!" mtu alipaza sauti.

"Huyu haondoki hapa!" mama Jacinter akasema. "Dancun, umetuletea dawa!"

Alupo akazitua sufuria moja moja. Hakujua mke gani mwingine amlete. Akakaa karibu na mama Jacinter, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo kuliko zote alizotumia siku hiyo:

"Mama, mimi nataka kwenda Jinja. Hii ndiyo kazi yangu. Nikikaa hapa nitaacha kuchekesha, na mtabaki na mke tu."

Mama Jacinter akamtazama. "Kumbe? Mbona hukusema hivyo asubuhi, ukasumbua sufuria zangu?"

"Na ng'ombe?" Emukule akauliza.

"Wanarudi," mkewe akajibu. "Waite wazee walewale."

Wazee hawakuhitaji kuitwa mara mbili, maana kurudisha mahari nako kuna chungu chake. Jumatatu asubuhi walikusanyika kwa Oriokot, naye alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wa mwisho kwa mikono miwili.

"Huyu nimeshampa jina."

"Hata kwetu alikuwa na jina," mama Jacinter alisema, akaivuta kamba.

Ng'ombe wakatoka. Alupo akabeba begi lake kuelekea mpakani, kijiji kizima kikimsindikiza. Ekisa akawafuata mbio, kamera ikimgonga mbavuni.

"Jamani, turudie! Nilisahau kuwasha!"

"Turudie!" Oriokot akaitikia kwa furaha. "Tuanzie pale ninapowapokea!"

Alupo alikuwa ameshafika kwenye kizuizi. Akawapungia mkono, akavuka.