Chupa B

Barua ilinieleza habari za mwili wangu kama jirani mmbea. Ilisema kwamba mwezi wa tatu, miaka mitatu iliyopita, mkojo wangu ulikuwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ile ambayo wanariadha huinywa ili dawa nyingine zisionekane. Kwa hiyo nimesimamishwa kukimbia popote duniani mpaka shauri langu liishe. Niliisoma nimesimama jikoni, nikacheka. Dawa hiyo sijaimeza hata siku moja. Nilizotumia mimi zilikuwa za sindano, na hizo hakuna aliyeziona.

Halafu nikaitazama tarehe vizuri, nikavuta kiti nikakaa. Mkojo ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa dada yangu, na dada yangu tumemzika mwaka jana.

Niseme ilivyokuwa, maana siku hizi kila mwenye mdomo ana habari zangu. Wapimaji huja bila taarifa. Siku ile waligonga saa kumi jioni, na Kocha alikuwa amenichoma sindano jana yake. Mimi na dada tulifanana mpaka mama, akituona kwa mgongo, alikuwa anabahatisha jina.

"Hujanywa dawa yoyote?" nilimnong'oneza huku nikimvalisha traksuti yangu.

"Hata kidonge cha kichwa," akasema. "Ingia uvunguni huko, bingwa."

Nikaingia uvunguni mwa kitanda. Nikamsikia anaulizwa kama yeye ndiye mimi, akajibu "Ndimi" bila kutetereka. Akaenda chooni na yule mama wa vipimo, mkojo ukagawanywa katika chupa mbili, A na B, zikafungwa kwa lakiri, naye akatia sahihi yangu vizuri kuliko ninavyoitia mwenyewe. Kumbe maabara iliyozipima ilikuwa ya kubabaisha. Ilipofungwa, chupa zake zote zilihamishwa, zile za A zikapimwa upya, na yangu ikasema.

Nilimuuliza daktari wa timu dawa ile ni ya nini hasa. Akaniambia hospitalini hupewa watu ambao moyo umechoka na maji yanawajaa miguuni. Dada yangu alikuwa mpiga pasi kwa dobi, kutwa yuko wima kwenye mvuke. Tulikaa ghorofa ya tatu, naye akipanda alipumzika kila baada ya ngazi chache, nami nikimpita mbio huku nikimwita Konokono. Alianguka kazini, mchana kweupe. Mama mpaka leo anauliza, "Mtu hajaugua hata siku moja, anakufaje na pasi mkononi?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa dada yangu kifo kilishindwa, akaja kuumbuliwa na mkojo.

Napenda kujiambia kwamba alinificha kwa sababu alijua ningeacha mazoezi nimuuguze. Hayo ni maneno ya kujipendelea. Huenda alijua nisingeacha, na hakutaka kuniona nisiache.

Wiki ya kwanza baada ya barua, nilivua soksi nikakuta zimeniachia pete kwenye vifundo vya miguu. Nikabonyeza kwa kidole, pakabaki shimo. Wiki ya pili, viatu vya mbio nilivyovaa mwaka mzima vilikataa kuingia. Mimi niliyezoea kukimbia kilomita thelathini kabla ya chai, nikawa nahema nikifunga kamba. Daktari akanipima juu chini. "Moyo wako ni wa punda," akasema, "na miguu ni mikavu kabisa." Wakati anasema hivyo, nilikuwa naiona imevimba palepale mezani kwake. Niliogopa, sina haja ya kujifanya shujaa.

Siku moja nilipita upande wa pili wa barabara, mkabala na duka la dobi. Mwenye duka akatoa kichwa dirishani. "Wewe, leo huji kazini?" akaita kwa hasira ya kawaida, ya kila siku. Halafu akajiziba mdomo, akafunga dirisha. Kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kumjibu.

Chupa B ilibaki haijafunguliwa. Mwanariadha ana haki ya kuwepo inapofunguliwa, na kabla ya hapo huulizwa kama ni yake. Kocha alinipigia asubuhi ya siku hiyo.

"Sema ni yako," akasema. "Utafungiwa miaka miwili, urudi na marathoni zako tatu bado ziko miguuni."

"Na nikisema ya dada?"

"Hiyo ni hadaa. Utafungiwa minane, na mimi unanizika nawe. Na marehemu unamwita mwongo mbele ya watu. Ndiyo shukrani hiyo?"

"Mama anataka kujua kilichomuua."

"Akijua atafufuka?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na mimi riziki yangu ni njia ndefu. Nilikwenda nikiwa sijaamua.

Chumba cha maabara kilikuwa cheupe, chenye meza moja na viti vitatu. Mtaalamu alikuwa binti mpole mwenye glavu. Akaiweka chupa mbele yangu kwenye kibao. Nilitegemea barafu, kwa kuwa ilikaa kwenye jokofu miaka mitatu. Lakini kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani, na ukungu ule ulikuwa unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka, kwa kasi ya mtu anayepumzika kwenye ngazi.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Nini?" Binti aliiangalia, akaniangalia. "Imeyeyushwa tu. Namba hii ndiyo iliyoko kwenye fomu yako?"

"Ndiyo."

"Lakiri haijaguswa?"

"Haijaguswa."

"Mkojo huu ni wako?"

Nilikuwa na neno moja la kusema. Ningesema "Wa dada," mama angepata jibu lake jioni ileile, na dada angepata ugonjwa wake na kifo chake, vitu vyake mwenyewe. Nami ningekuwa na miaka thelathini na saba siku ya kuruhusiwa kukimbia tena. Ukungu ulikuja ukafunika kioo chote, ukatulia, kama mtu aliyebana pumzi asikilize.

"Ni wangu," nikasema.

Binti akanipa kalamu. Nikatia sahihi, na ikatoka nzuri, yenye mikia ambayo sijawahi kuiweka. Akaivunja lakiri. Ndani ya chupa kulikuwa na mkojo tu, wa manjano, umetulia, na kioo kilikuwa kikavu. Nilijichukia, na papo hapo nikashukuru kwamba yamekwisha.

Maabara iko ghorofa ya pili. Niliposhuka ilinibidi nisimame mara tatu, mkono ukutani, moyo ukiruka hatua na kuzirudia. Chini, askari wa getini alikuwa na vitambulisho vya wageni wote kwenye boksi. Nikamwomba changu. Akakichukua, akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akaiangalia tena picha.

"Hiki si chako, dada."

"Ni changu. Nimekuachia mwenyewe saa nne."

"Aliyeniachia ni yule mkimbiaji. Namjua, kapanda hapa ngazi mbilimbili." Hakuwa na ubaya wowote, alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Akanisogezea benchi. "Mwenyewe bado hajashuka. Pumzika hapo umsubiri, mtoke wote."

Miguu iliniuma. Nikakaa, nikamsubiri.