Mwalimu Aliyeacha Kuketi

Mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza, Masolwa, katekista wa Kigwa, aliacha kupanda baiskeli yake. Haikuwa mbovu. Kila Jumatano alitoka nayo nyumbani akiikokota kwa kufuata njia ya zamani ya misafara, iliyokanyagwa na wapagazi wa pembe hata udongo wake ukawa mgumu kama sakafu. Alifika vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, amechoka hoi, akafundisha amesimama, akanywa maji amesimama, akarudi vivyo hivyo.

"Siku hizi baiskeli ndiyo inampanda mwalimu," watu walisema, naye akacheka pamoja nao. Angewaambia nini? Kwamba kuna kitu kimemwota kwenye njia ya haja kubwa? Mtu mzima, anayewapa watoto wa watu majina ya ubatizo, aanze kusimulia habari za makalio yake?

Kilianza kama punje ya karanga. Mwanzoni kilitoka alipokwenda haja, kisha kikarudi chenyewe. Baadaye kikawa kikitoka hakirudi mpaka akisukume kwa kidole, na damu ikawa inadondoka. Alikunywa mizizi michungu ya mganga mmoja wa upande wa Nzega, akakalia majani ya moto yaliyombabua ngozi. Hakupona. Na kila alipoona damu alimkumbuka kaka yake Ngollo, aliyeota uvimbe tumboni akakonda mpaka akaisha. Masolwa aliamini zamu imemfikia yeye, akaona afadhali asiulize, maana asiyeuliza hajibiwi.

Aliyeuliza ni mkewe, Flavia. Asubuhi moja alikuwa akifua, akainua kaptula ya mumewe juu kwenye mwanga.

"Baba Josepha, damu hii ya nini?"

"Nilijikata na spoku ya baiskeli."

"Baiskeli usiyoipanda?"

Masolwa akatazama chini. Flavia alingoja tu, maji yakimtiririka viwikoni, mpaka mwanamume akasema yote, tangu ile punje ya karanga hadi kaka yake Ngollo.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba huu."

"Miezi saba unalala ubavuni mwangu na jambo hili, na mimi kila siku namshukuru Mungu kwa mume mwenye afya!" Akaikamua kaptula kwa nguvu kana kwamba ndiyo yenye kosa. "Kesho kutwa tunapanda gari moshi. Tunakwenda Tabora hospitali."

"Mama Josepha, nitamwonyeshaje mtu mahali pale?"

"Mimi nimezaa watoto watano. Usinifundishe mimi habari za kuonyesha."

Siku ya safari behewa lilikuwa na nafasi tele, lakini Masolwa alisimama tangu Kigwa hadi Tabora, ameshika dirisha. Flavia naye alisimama kando yake. Alipoambiwa akae, alisema anapenda kutazama miti.

Hospitalini walipanga foleni ya wagonjwa wa nje. Aliyetoka kuwaita ndani alikuwa dresa kijana, msaidizi wa daktari, mwenye kanzu nyeupe. Masolwa alipomtazama usoni, alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa Lugembe, mwanafunzi wake wa zamani wa katekisimu, ambaye siku moja Masolwa alimpigisha magoti kwenye changarawe kwa kucheka wakati wa sala.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, Lugembe. Mimi... nimekuja kumtazama mgonjwa tu. Nilikuwa naondoka."

Lugembe alimwangalia namna alivyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja. Akamsogelea, akashusha sauti.

"Mwalimu, huyo mgonjwa wako anatoka damu, au anaumwa tu?"

"Anatoka damu."

"Basi usiwe na wasiwasi. Hapa wanakuja wengi kumtazama mgonjwa wa namna hiyo. Makarani, askari, juzi alikuja mzee wa baraza. Wote wana ndugu anayeumwa." Hakutabasamu alipokuwa akisema. "Daktari yumo ndani. Mimi nitasimama mlangoni, nimetazama nje."

Na kweli, alitazama nje muda wote.

Daktari alikuwa Mhindi mfupi mwenye mikono ya upole. Alimlaza Masolwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, akampima huku akimweleza kila atakalofanya kabla ya kulifanya. Alipomaliza akanawa mikono.

"Kipo kinyama kimoja kikubwa chenye shina, kama uyoga. Vipo na viwili vidogo vya ngozi. Nadhani si vibaya. Lakini kudhani si kujua. Tutavikata, kile kikubwa tukipeleke Dar es Salaam kikatazamwe kwa hadubini."

"Na kikiwa kibaya?"

"Tutakuwa tumekiwahi. Ukikaa nacho, kitakuwahi wewe."

Alikatwa Ijumaa asubuhi. Walimchoma sindano mgongoni, na baada ya muda miguu yake ikawa kama ya mtu mwingine aliyelazwa kitandani pamoja naye. Lugembe alisimama upande wa kichwani, akimwuliza habari za vigango kimoja kimoja: kisima cha huku kimechimbwa, kanisa la kule limeezekwa? Masolwa alikuwa katikati ya habari ya mchwa waliokula mlango wa kanisa aliposikia kitu kikidondoka katika bakuli la bati.

"Kimetoka," alisema daktari. "Shina tumelifunga kwa uzi. Endelea na mchwa wako."

Ganzi ilipoisha, maumivu yalikuja kama moto wa shambani. Alipewa dawa, akalala kifudifudi, akaona aibu yake yote ilikuwa upuuzi ukiilinganisha na moto ule. Toka kesho yake muuguzi Mwanahawa, mwanamke wa mjini mwenye sauti ya amri, alimjia mara tatu kwa siku na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. "Mwalimu, karai linakungoja!" Masolwa aliketi ndani ya karai, akahema. Maji yale yalikuwa faraja asiyoitegemea.

Kilichomtisha ni choo. Aliwaza: nisipokula, hakitakuja. Basi uji aliopika Flavia akawa anauonja tu na kuuweka chini. Mwanahawa akakiona kibakuli kimejaa.

"Unafunga? Kwaresima si imekwisha?"

"Sina hamu."

"Una woga. Kula uji, kula mlenda, kula papai, kunywa maji mengi na kijiko hiki cha mafuta. Choo kikiwa laini kinapita. Kikikauka ndipo utakapojuta."

Akala. Siku ya nne aliingia chooni ameshika ukuta. Jasho lilimtoka, akalia kwa sauti, akamwita mama yake aliyekufa zamani. Kisha ikawa imekwisha. Alipotoka, Flavia alimsoma usoni, akasahau yuko wapi, akapiga vigelegele. Wagonjwa wakainua vichwa.

"Nani amejifungua?" akauliza mzee mmoja.

Masolwa alicheka mpaka akaomba asichekeshwe, maana kucheka nako kuliuma.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mkulima wa pamba kutoka Igunga, jina lake Bundala. Alisema ana jipu pajani, lakini hakutaka kupimwa, na kula alikula amelala ubavu. Siku mbili Masolwa alimtazama. Siku ya tatu, walipokuwa peke yao, alianza bila kuulizwa.

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa na kinyama kwenye njia ya haja kubwa. Nilikificha miezi saba. Hapa wamekikata."

Bundala alimgeukia. "Uliumia?"

"Sitakudanganya. Niliumia sana. Lakini kila siku maumivu yanapungua, na yale ya zamani yalikuwa yanaongezeka."

"Na wanaokupima wanacheka?"

"Anayenihudumia niliwahi kumpigisha magoti kwenye changarawe. Hajacheka."

Jioni ile Bundala alimwita Lugembe, akamwambia jipu lake si jipu.

Masolwa aliruhusiwa siku ya kumi, akaambiwa arudi baada ya wiki tatu kusikia majibu ya Dar es Salaam. Wiki zile zilikuwa ndefu. Kidonda kilikuwa kinafunga, damu imekoma, lakini kila alipofumba macho alimwona Ngollo.

Siku ilipofika, daktari alifungua bahasha mbele yake, akasoma, akaikunja karatasi.

"Si saratani. Kilikuwa kinyama tu. Damu ikirudi, uje upesi, usingoje miezi saba."

Masolwa alitaka kusema asante. Badala yake akauliza jambo jingine. "Kaka yangu alikuwa na uvimbe tumboni. Angeletwa hapa angepona?"

Daktari alifikiri. "Sijui. Sikumwona."

Masolwa aliitika kwa kichwa. Alishukuru kwamba hakudanganywa. Alitoka nje, Flavia alikuwa amesimama barazani, mikono imeshika khanga kifuani. Masolwa alimwambia kwa Kinyamwezi. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kufundishia, na hili halikuwa fundisho.

Flavia alifuta macho kwa pindo la khanga. "Haya," akasema, "gari letu ni saa tisa. Twende sokoni kwanza tutafute dagaa wa Kigoma. Watoto hawajaonja dagaa tangu Pasaka."

Wakashuka ngazi za baraza, yeye mbele, mumewe nyuma, wakibishana kama wanunue dagaa waliokaushwa au waliokaangwa.