Waliolala Hapa Jana

Shirika la utafiti lililomwajiri Dorine lilisisitiza jambo moja kuliko yote: anayehojiwa ahojiwe peke yake. Mwongozaji akishakuonyesha nyumba, mwombe akusubiri mbali. Darasani, wakati wa mafunzo, lilionekana jambo rahisi.

Lakini siku ile, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai karibu na Mogogosiek, mvua ilimwagika bila huruma. Mwongozaji aliyepewa na shamba alikuwa Mzee Bethwel, nyapara, mtu wa rika la babake. Dorine alimwona amejikunyata mlangoni, koti likichuruzika maji, akashindwa kumwambia atoke. Kwao Londiani, msichana aliyelelewa vyema hamfukuzi mzee mvuani.

Mama Syprose, mchumaji wa miaka mingi aliyekuwa akihojiwa, alimtupia nyapara jicho, kisha akamwuliza Dorine kwa sauti ya chini kama majibu yake yangefika ofisi ya shamba.

"Hapana, mama. Hapa ni siri," alisema Dorine, na aliamini alichosema.

Wakaenda swali kwa swali: chakula, maji, kuni. Walipofika kwenye swali la waliolala humo usiku uliopita, Syprose aliuchezea upindo wa leso yake. Mwishowe akasema walikuwa watatu: yeye, bintiye Akello, na mtoto wa Akello. Akello aliachishwa kazi mashine za kuchuma zilipoletwa, na asiye na kazi haruhusiwi kulala shambani. Angeenda wapi na mtoto mchanga?

Mlangoni Mzee Bethwel alikohoa. Mvua haikuwa imepungua hata kidogo, lakini aliaga akaenda zake.

Wiki iliyofuata Dorine alirudishwa kule kuhakikisha majibu. Jirani alimweleza kwamba walinzi walikuja, wakamtoa Akello na mtoto, na sasa mamake naye amenyang'anywa nyumba kwa kuwaficha. Syprose alikuwa uani, akifunga godoro kwa kamba nyuma ya pikipiki. Dorine alimsogelea aombe msamaha, akaishia kumshikia kamba.

Syprose hakumgombeza. Alikaza fundo, akapanda nyuma ya dereva.

"Mtoto wangu, hiyo swali yako ya watu walilala hapa," akasema, "kesho utaandika wangapi?"

Pikipiki iliondoka ikiyumba matopeni. Mvua ikaanza tena. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, lakini Dorine hakuingia kujikinga.