Hakuna wa Kukutuma

Tangu aingie kampuni ya ushauri wa ujenzi, Fundi Maji hakuwa amepewa kazi hata moja. Si kwamba walimsahau. Pale hakuna anayempa mtu kazi. Unapita milango ya watu, unauliza mradi upi una upungufu, unajiingiza. Asiyepata mradi mpaka kipindi cha majaribio kiishe, hufungasha virago.

Chake kilikuwa kinaisha leo jioni.

Alitoka idara ya maji, alikofanya kazi nusu ya umri wake chini ya wakubwa wakali. Huko ukigonga mlango bila kuitwa, unatukanwa. Basi na hapa alikaa mezani kwake, shati limenyooshwa pasi, akingoja kuitwa. Wenzake wakadhani anaringa.

"Umekaa huko ofisini kama bibi harusi anayengoja kufunuliwa," mkewe alimwambia asubuhi, mtoto mgongoni. "Ungeposa hivyo, ningezeekea kwa baba."

Alicheka, lakini hakumaliza chai. Nyumba waliyohamia iliutegemea mshahara huu, na kiti chake kule idarani kilishapata mtu.

Sasa alisimama nje ya chumba cha vioo. Ndani, mama mmoja mnene waliyembandika jina la Jenerali alikuwa na watu wake, wameinamia mchoro wa mabomba ya hospitali mpya. Mkono ulikataa kugonga. Alishageuka aondoke, Jenerali akamwona.

"Wewe kaka, umeajiriwa kulinda mlango?"

Wakacheka. Akaingia.

"Nataka kufanya mradi huu."

"Nani kakutuma?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Miaka yote alikuwa na jibu lake: mkuu.

"Hakuna."

"Na ukiharibu, nimkamate nani?"

"Mimi."

Jenerali alimsogezea kiti. "Afadhali umesema. Mimi nilidhani unatudharau, maana hata salamu hutupi. Haya, kaa. Tangi la juu ni lako, na wodi ya wazazi itakunywa humo. Utaliweka wapi?"

Alikaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kumuuliza. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Akachukua kalamu. Akatia alama kwenye mchoro.

"Hapa," alisema.

Akangoja. Hakuna aliyemwambia kama ni sawa.