Muziki wa Baba Aliyekataa

Mzee Kalinga wa Ipogolo akishasema hapana, ilikuwa imetoka. Alimwambia hapana bwana shamba aliyetaka akate mianzi yake ya kugemea pombe ya ulanzi, na bwana shamba akaishia kuletewa kibuyu, akanywa na kwenda zake. Na tangu mwaka 1955 alikuwa akimwambia hapana Mzee Andendekisye, nyapara wa barabara aliyehamia pale kutoka Mbeya na dini yake ya Kimoraviani. Kijana wake, Jailos, alitaka kumwoa Tekla, binti pekee wa Kalinga.

Sababu alikuwa nazo nyingi. Jailos hakuwa Mhehe. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa fundi wa malori huko Iyunga, Mbeya, na kutoka Ipogolo hadi Iyunga mtu anafika amekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Akibanwa zaidi, Kalinga alisema kijana yule anacheka kwa sauti kubwa mno.

Basi Jumapili moja baada ya misa, Mwalimu Liberatus wa shule ya msingi akatangaza kwamba jioni hiyo watu wote wanakaribishwa darasani kwake kusikiliza gramafoni. Daktari mmoja Mzungu, aliyekuwa akirudi kwao, alikuwa amemwachia mashine hiyo pamoja na sahani tatu za santuri. Kalinga alimwambia Tekla abaki nyumbani, maana alisikia Jailos ameshuka na basi jana yake. Yeye mwenyewe akavaa koti, akaenda na mkewe Paskalina, akakaa dawati la mbele. Andendekisye alikaa upande wa pili wa darasa, nao wakasalimiana kwa kuinua kofia tu.

"Muziki huu," alisema Mwalimu Liberatus, akiwa amesimama kama anayefundisha hesabu, "umetungwa na Mzungu mmoja kutokana na mchezo wa kuigiza wa huzuni. Katika mchezo huo kuna bwana mkubwa mwenye binti. Binti anataka kuolewa na mtu wake, baba anakataa. Binti anajitupa mtoni. Baba anabaki anazunguka mlimani akimwita mpaka anafariki."

Watu kadhaa walimtazama Kalinga, kisha kwa adabu wakatazama ubao.

"Nani anayaimba maneno hayo?" aliuliza Mama Damari, muuza maandazi.

"Hakuna maneno, mama. Ni vyombo vitupu."

"Sasa tutajuaje kama binti amekufa?"

"Mtasikia."

Mwalimu akazungusha mpini, akaweka sindano. Zikaanza ngoma nzito za mbali, na chini yake kitu kikinguruma. Mtu mmoja nyuma alisema hilo ni lori la mchanga linapanda kilima. Mwingine akasema ni ng'ombe. Mama Damari alisema huyo ni baba, anakoroma. Kalinga alikuwa akijiuliza nani amemtuma mwalimu. Alimtazama Andendekisye kwa pembe ya jicho, lakini yule naye alikaa ameduwaa na kofia mapajani, mdomo wazi, na uso wa namna ile si uso wa mtu aliyepanga njama.

Kisha ikaingia filimbi. Ilikuwa peke yake, nyembamba, ikipanda na kushuka kama mtu anayeongea na nafsi yake akiwa anafanya kazi. Nyumbani Kalinga aliisikia sauti ya namna hiyo kila siku, kutoka jikoni, Tekla akipika, na hakuwahi kuitilia maanani.

Papo hapo mashine ikaishiwa nguvu. Filimbi ikaanza kushuka, ikawa nzito, ikavutika, ikawa sauti ya mzee mlevi, ikanyamaza.

"Amekufa," alisema Mama Damari. "Maskini."

"Bado," alisema mwalimu, akikimbilia mpini. Akazungusha, na filimbi ikapanda tena kwa kasi kutoka chini hadi juu.

"Amefufuka," alisema mtu wa nyuma, na darasa zima likacheka, isipokuwa Kalinga.

Sahani ikageuzwa. Sasa vikaja vinanda vingi kwa pamoja, vikijaa na kupanda kama Ruaha wakati wa masika. Kalinga akamwinamia mkewe.

"Tekla yuko wapi?"

"Yuko mtoni."

"Anafanya nini mtoni?"

"Anafua mablanketi. Si umemkataza kuja huku?"

Kalinga akakaa sawa. Vinanda vikazidi kupanda. Akajiambia kwamba binti yake ana akili, na kwamba mto wenyewe wakati huu unafika magotini. Akajiambia pia kwamba juzi alipomwambia hapana kwa mara nyingine, Tekla hakulia wala kujibu. Alikwenda tu kusonga ugali, na ugali ulikuwa mzuri. Jambo hilo, ambalo juzi lilimpendeza, sasa lilimtisha.

"Natoka kidogo," alisema.

Mpaka mlangoni alitembea kama mtu mzima. Uwanjani aliongeza mwendo. Alipofika barabarani alikuwa anakimbia, mikia ya koti ikipeperuka. Andendekisye, alipomwona kupitia dirishani, aliwaza jambo moja tu: huyu anakwenda kumpiga Jailos. Naye akatoka mbio. Waliobaki waliona wazee wawili wanakimbia, wakajua kuna nyumba inaungua, wakainuka wote, Mama Damari na sinia lake la maandazi kichwani.

Tekla alikuwa amesimama majini. Mkononi alishika ncha ya blanketi, na ncha nyingine ilishikwa na Jailos, suruali ameikunja, wote wawili wakilikamua, huyu akinyonga kulia na yule kushoto. Jailos alikuwa anacheka, na ni kweli alikuwa na sauti kubwa.

Kalinga akasimama ukingoni, mkono kifuani. Tekla alipoona umati unashuka nyuma ya baba yake, akaachia blanketi.

"Baba, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa mbona mnakimbia?"

Kalinga alirekebisha kola ya koti lake. "Tulikuwa tunasikiliza muziki," alisema.

Alijua kwamba hapo ndipo alipotakiwa kukasirika, kwa kumkuta binti yake na kijana yule peke yao mtoni. Lakini furaha ya kumwona mzima ilikuwa imetangulia, na hasira ilipofika haikupata mahali pa kukaa. Akajiangusha juu ya jiwe. Andendekisye akafika, akakaa kando yake, wote wawili wakihema.

"Nilifikiri unakuja kumpiga mwanangu," alisema Andendekisye.

"Hata sikukumbuka kwamba una mwana. Nilikuwa nafikiri maji." Kalinga akafuta jasho. "Hivi yule bwana wa kwenye sahani, mwalimu alisema alizunguka wapi?"

"Mlimani."

"Mlima wenyewe mkubwa?"

"Kwa ngoma zile, nadhani ni mkubwa."

Kalinga akayatazama magoti yake. "Mzee mwenzangu, lete washenga wako. Habari za kanisa, padre na mchungaji watazungumza wenyewe, ndiyo kazi yao. Lakini huyu kijana apunguze kucheka."

"Huko kucheka amerithi kwa mama yake," alisema Andendekisye. "Mimi nimejaribu."

Jailos aliokota blanketi lililokuwa likielea, uso ameukaza kweli kweli. Tekla alijifunika mdomo kwa kiganja.

Watu wakarudi darasani, maana walitaka kujua mwisho. Walimkuta Mwalimu Liberatus ameketi peke yake na gramafoni, amenuna. Akawawekea sahani ya mwisho. Ulikuwa muziki wa taratibu, baba akiita na hakuna anayeitika. Mama Damari alisema binti kama huyo angekuja kumwona yeye kwanza kabla ya kwenda mtoni. Wengi walisema baba angeanza kukimbia mapema. Kalinga aliinamisha kichwa, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Sasa ulikuwa unalia nini," aliuliza Paskalina walipokuwa njiani, "na binti yako yuko mbele pale amebeba beseni?"

"Namlilia yule bwana. Hakuwa na mtu wa kumwambia."

"Mimi nimekuambia mwaka mzima."

Kalinga akaweka kofia yake sawa. "Wewe hukuwa na filimbi."

Padre na mchungaji walibishana kuliko wazee walivyowahi kubishana, lakini baada ya mavuno ndoa ilifungwa kwenye misheni ya Wakatoliki ya Tosamaganga. Ndugu za Jailos walifika kwa lori kutoka Mbeya, wamesimama nyuma, wakiimba kwa sauti nne. Kalinga alisimama uwanjani akiwasikiliza, mpaka Paskalina akamvuta koti akawasalimie wageni.