Eda Kwenye Nyumba ya Reli

Stesheni yetu, njia ya Pugu, ilikuwa kimya hadi kuku wa Bi Somoe wakawa wanatagia kwenye mizani ya mizigo.

Mwaka 1951 mshika bendera, Nassibu, alifariki kwa homa. Hata arubaini haijasomwa, treni ikamshusha wa kushika nafasi yake: baba yangu Revelian, katoka Bukoba, na mama yangu Demetria, mie nikiwa tumboni.

Nyumba ya reli ilikuwa moja tu. Mlangoni kasimama Bi Somoe, jirani.

"Ishia hapo hapo, baba. Mwanaheri, mjane wa marehemu, yuko eda."

"Pole yake. Inaambukiza?"

Bi Somoe akacheka, akakumbuka msiba, akajiziba mdomo kwa kanga. Akamweleza: mjane hatoki nyumba aliyoishi na mumewe mpaka eda iishe.

"Na sie tulale wapi?"

Sauti ikatoka ndani. "Niacheni nimalizie humu, wanangu. Kwingine hakuwahi kuishi na mie."

Baba alikuwa bado anashusha mizigo, mama kashajitwisha godoro kulipeleka chumba cha abiria. Hakuna abiria waliosubiri pale kama wao, na treni hawakupanda.

Mkaguzi wa reli alipopita na kiberenge akaona sufuria chumbani mwa abiria. "Hii nini?"

"Abiria wana njaa, bwana," baba akajibu.

Mkaguzi akatupa jicho nyumba ya mjane, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Mie nilizaliwa humo, juu ya benchi. Mwanaheri alimpikia mama uji wa pilipili manga, ukawa unapitishwa dirishani kila asubuhi.

Eda ikaisha. Alioga, akavaa kanga mpya, akafunga mzigo aende kwa kaka yake Kunduchi.

"Kaa nasi, mama," mama alimsihi. "Vyumba viwili, vinatutosha."

"Nilikuwa kwa mume wangu, Demetria. Sasa hapa ni kwa reli."

Treni ilipotokea, baba akainua bendera. Mwanaheri hakumtazama usoni. Alitazama ule mkono.

"Nassibu alisimamishia watu wote treni," alisema. "Mie tu sikuwaga na safari."

Akanibusu utosini, akapanda.

Jioni wazazi wangu wakaingia ndani. Pamefagiwa, hakuna kilichobaki, ila kofia ya kazi ya Nassibu kwenye msumari nyuma ya mlango.

Baba akatafuta nyundo, akapigilia msumari mwingine pembeni, akatundika yake.